Kurudufu Mmea Mmoja au Kuoanisha Miwili: Njia Ipi Inakufaa?

Kwenye meza ya muuza mboga Arusha, fungu la sukuma wiki na fungu la loshuu hulala ubavu kwa ubavu, na mnunuzi huzitofautisha kwa ulimi: loshuu ina ule ukali wa haradali unaopanda puani. Kwenye darubini tofauti ni kubwa zaidi. Seli ya sukuma wiki ina kromosomu 18. Ya loshuu, ambayo Kenya huitwa kanzira, ina 34: 18 za ukoo wa sukuma wiki na 16 za haradali nyeusi. Zamani chavua ya mmea mmoja ilitua kwenye ua la mwingine, chotara akazaliwa, jenomu zake, yaani seti zake za kromosomu, zikarudufiwa, na mboga mpya ikapatikana bila mtu kuiagiza. Hesabu ya ndoa hizi ilichorwa mwaka 1935 na Woo Jang-choon, mtaalamu wa asili ya Korea aliyefanya kazi Japani. Alionyesha kwamba spishi tatu, yaani ya chainizi, ya kabichi na ya haradali nyeusi, zimeoana kwa jozi zote zinazowezekana na kuzaa spishi nyingine tatu.

Gunia la viazi mviringo lililo chini ya meza hiyo hiyo lina kisa kingine. Kiazi kina kromosomu 48, na tabia yake ni ya mmea wenye seti nne za jenomu ya aina moja, si seti mbili za huku na mbili za kule.

Wataalamu huiita njia ya kiazi otopoliploidi na ya loshuu alopoliploidi. Mimi nitasema tu kurudufu mmoja na kuoanisha miwili. Yeyote anayetaka kutengeneza mmea wa jenomu maradufu, awe mwanafunzi wa uzamili au mzalishaji wa mbegu, lazima achague moja, na wengi huchagua kwa kuangalia ukubwa wa majani tu. Jibu langu nalitoa mapema. Ukivuna jani, mzizi, ua au tunda lisilohitaji mbegu, rudufu mmoja. Ukivuna punje, oanisha miwili, lakini usiamini unachokiona kabla ya kizazi cha tano.

Ncha ya mche na dawa ya jongo

Kazi ya mikono inafanana kwa njia zote mbili. Tangu mwaka 1937, Blakeslee na Avery walipotangaza matokeo yao Marekani, dawa iliyozoeleka ni kolkisini, ileile inayotumika kutibu jongo. Inakamata tubulini, protini inayojenga nyuzi za kuvuta kromosomu kwenda pande mbili za seli. Kromosomu zinajinakili, nyuzi hazipo, seli haigawanyiki, na hesabu inabaki mara mbili. Orizalini, ambayo asili yake ni kiuagugu, inashika tubulini ya mimea kwa nguvu kuliko ya wanyama, hivyo inahitajika kidogo sana na haimtishi sana mtu anayeishika. Kwa maabara ndogo isiyo na kabati la hewa la kueleweka, ningeanza na orizalini bila kusita.

Tofauti ni kwamba anayeoanisha ana hatua ya kutangulia. Lazima kwanza apate chotara, na mara nyingi kiinitete chake hufa ndani ya mbegu kisipotolewa mapema na kulelewa kwenye chupa. Akikua ni tasa, kwa sababu kromosomu zake hazina wenzi. Dawa ndiyo humpa uzazi.

Maumbile yenyewe hayatumii dawa. Hutumia gameti, yaani seli za uzazi, ambazo zimesahau kupunguza kromosomu zake. Uchunguzi wa vinasaba umeonyesha kwamba ndizi diploidi (zenye seti mbili) za ukoo wa Mchare, zile zinazolimwa Kilimanjaro na Arusha, zilichangia gameti za namna hiyo katika nasaba ya Cavendish na Gros Michel. Ndizi inayouzwa kwenye maduka makubwa ya Ulaya, kwa hiyo, ni jamaa wa karibu wa mtori.

Onyo moja kabla sijaendelea. Niliwahi kutunza mche msimu mzima nikijisifu: majani manene, stomata (vitundu vya hewa vya jani) kubwa na chache, kila dalili ya vitabuni ipo. Ulipotoa maua, chavua ilikuwa ya kawaida kabisa na mbegu zake zikazaa diploidi. Tabaka la nje la ncha lilikuwa limerudufiwa, la ndani halikuguswa. Stomata hutoka tabaka la nje, gameti hutoka la ndani, na mimi nilikuwa nimepima ngozi. Siku hizi napima kiasi cha DNA kwa mashine, na hata hapo nasubiri chavua iseme.

Kromosomu zikitafuta wenzi

Mmea uliorudufiwa peke yake una kromosomu nne zinazofanana katika kila kundi. Wakati wa miosisi, yaani mgawanyiko wa seli unaozaa gameti, ambapo mbili zilipaswa kushikana, tatu au nne hung'ang'aniana, zinavutwa vibaya, na gameti nyingine hupata zaidi huku nyingine zikipungukiwa. Ndiyo maana mpunga wenye seti nne huwa na punje kubwa lakini mapepe ni mengi. Upo mmea wa porini Ulaya, Arabidopsis arenosa, uliokwisha kulitatua tatizo hili. Jeni zake za miosisi, ASY1 ikiwemo, zimechujwa na uteuzi wa asili hadi kromosomu zikawa na makutano machache, zikashikana mbilimbili. Lakini hiyo ni kazi ya vizazi visivyohesabika, na mche wako wa juzi haujaifanya.

Kuna gharama nyingine ambayo wafugaji wa mimea huigundua wamechelewa. Diploidi yenye alel (matoleo ya jeni moja) mbili tofauti ikijichavusha, mtoto mmoja kati ya wanne hudhihirisha sifa iliyojificha. Tetraploidi, yaani mmea wa seti nne, yenye nakala mbili za kila alel hutoa mmoja kati ya 36. Unataka kusafisha ukoo wako, uondoe sifa mbaya? Utapanda shamba zima kumtafuta mtoto mmoja. Kwa upande wa pili, mmea huo haudhoofiki upesi kwa kuzaliana ndani ya ukoo, maana mabaya yake yamefunikwa na nakala tatu.

Walioanishwa hawana shida hii, angalau kwa nadharia. Kila kromosomu inamjua mwenzake wa ukoo wake. Ngano ya mkate ina seti sita na kromosomu 42, lakini inafanya miosisi kama diploidi, kwa msaada wa eneo liitwalo Ph1 kwenye kromosomu 5B, lililotambuliwa mwaka 1958. Na hapa ndipo penye faida ambayo kwa mkulima wa kwetu nadhani ni kubwa kuliko zote. Mahindi chotara hupoteza nguvu ukihifadhi mbegu yake, kwa sababu seti mbili zinachanganyika na kutawanyika upya. Loshuu inabeba uchotara wake ndani, seti ya mama kamili na seti ya baba kamili, kizazi hadi kizazi. Mama anayekausha vitawi vya loshuu juani na kupukuchua mbegu za msimu ujao hapotezi kitu.

Ila ndoa haikupi nafasi ya kuchagua urithi. Katika miaka ya 1920 Georgii Karpechenko, huko Urusi ya Kisovieti, alioanisha figili na kabichi, kila mmoja ana kromosomu 18, akapata mmea wenye 36 na wenye rutuba. Husimuliwa hadi leo kwamba ulitoka na mizizi ya kabichi na majani ya figili. Hakuna aliyeupika.

Nani anaruhusiwa kusoma

Hapa njia hizi mbili huachana kabisa. DNA ni maandishi; epijenetiki ni ruhusa ya kuyasoma. Ruhusa hiyo hutolewa au kunyimwa kwa vikundi vya methili vinavyobandikwa kwenye herufi C, kwa alama zinazowekwa kwenye histoni, protini ambazo DNA imezizunguka, na kwa RNA ndogondogo zinazoelekeza pa kufunga. Maandishi yanaweza kubaki yaleyale na mmea ukawa mwingine.

Ukirudufu mmea mmoja, ruhusa hizi kwa kawaida hutikisika kidogo. Sababu si ngumu: ukizidisha unga, sukari na iliki mara mbili, maandazi ni yaleyale, beseni tu ndilo kubwa. Jeni zote zimeongezeka pamoja, uwiano haukuguswa. Mwaka 2010 watafiti walipolinganisha Arabidopsis thaliana, gugu dogo linalopendwa na maabara, lenye seti mbili na lenye seti nne, waliona jeni chache zikibadilika, na aina mbili za gugu hilo, Columbia na Landsberg, hazikubadilika kwa namna moja.

Kidogo hakumaanishi hakuna. Katika mpunga wa seti nne, utafiti wa mwaka 2015 ulikuta methili zimeongezeka kwenye transposoni za DNA, zile jeni zinazorukaruka, na usomaji wa jeni zilizo jirani nazo ukabadilika. Tena, tetraploidi inaweza kuhifadhi hali mbili za jeni ileile kwa pamoja. Mwaka 2003 kundi la Ortrun Mittelsten Scheid lilieleza jeni ya kustahimili dawa iliyoingizwa katika Arabidopsis ya seti nne: nakala moja wazi, nyingine imefungwa. Zilipokutana ndani ya mmea mmoja, iliyofungwa ikaanza kumnyamazisha mwenzake. Katika diploidi jambo hilo halikutokea. Mtu anayerudufu mmea uliokwisha kupandikizwa jeni alikumbuke hili, maana sifa aliyoilipia inaweza kufifia mbele ya macho yake bila herufi hata moja ya DNA kubadilika.

Wala tusidharau umbo. Seli kubwa peke yake hubadilisha fiziolojia: mwaka 2013 ilionyeshwa kwamba Arabidopsis iliyorudufiwa hulimbikiza potasiamu zaidi kwenye majani na kustahimili chumvi vizuri, na kwamba kinachoamua ni idadi ya seti kwenye mzizi, si kwenye majani. Kwa mashamba ya umwagiliaji yanayoanza kuota chumvi, huo ni mlango unaostahili kugongwa.

Sasa oanisha miwili. Hapa unga ni wa kwako na mapishi ni ya jirani, na wapishi wawili wako jiko moja. Rudi kwenye jani la loshuu. Ndani yake zimo jeni za ribosomu, viwanda vya protini vya seli, kutoka pande zote mbili, lakini zinazosomwa ni za haradali nyeusi tu. Za upande wa sukuma wiki zimenyamazishwa. Si kwa sababu ni mbovu. Watafiti Z. Jeffrey Chen na Craig Pikaard walieleza mwaka 1997 kwamba haijalishi nani alikuwa mama wala nani ana nakala nyingi, na kwamba loshuu iliyotengenezwa upya maabara hufanya vilevile kama ya shambani. Katika kanola, ambayo ni ndoa ya chainizi na kabichi, jeni zilizolazwa kwenye majani waliziona zikiamka kwenye maua. Wakaziamsha pia kwa dawa zinazozuia methili kubandikwa na dawa zinazozuia histoni kuvuliwa alama za asetili. Mtu akiniomba mfano mmoja tu wa epijenetiki ya poliploidi, yaani mimea ya seti nyingi, huu ndio ninaompa, kwa sababu unaununua sokoni.

Pamba ya kawaida, ndoa ya jenomu ya Dunia ya Kale na ya Amerika iliyofungwa zaidi ya miaka milioni 1 iliyopita, imegawana kazi: zipo jeni ambazo nakala ya ukoo mmoja husomwa kwenye ogani moja ya ua, na nakala ya ukoo wa pili kwenye ogani nyingine. Katika ngano iliyounganishwa upya, transposoni iliyokuwa imelala iliamka, na usomaji wake ukafurika hadi kwenye jeni za jirani, ukiziwasha nyingine na kuzizima nyingine. Barbara McClintock, mtaalamu wa jenetiki, alikuwa ameliita jambo la aina hii mshtuko wa jenomu.

Mshtuko huo si hasara tupu. Mwaka 2009 kundi la Chen lilionyesha kwamba katika Arabidopsis iliyooanishwa, alama za histoni kwenye jeni za saa ya mwili, CCA1 ikiwa mojawapo, hubadilika hivi kwamba usomaji wa jeni hizo hushuka mchana. Ukishuka, mmea hutengeneza klorofili na wanga zaidi. Ile nguvu ya chotara ambayo wakulima wameijua kwa macho ina angalau mzizi mmoja hapo.

Taabu ni kwamba huwezi kutabiri. Kanola 50 hivi zilitengenezwa upya kutoka kwa wazazi safi kabisa, waliotokana na haploidi (mimea ya seti moja) zilizorudufiwa, kiasi kwamba watoto wote wangepaswa kufanana kama mapacha. Matokeo yalichapishwa mwaka 2007. Kizazi cha kwanza DNA yenyewe ilikuwa karibu shwari, lakini methili zilikuwa zimebadilika tayari, na mabadiliko mengi ya namna hiyo yakarithiwa. Kufika kizazi cha tano, vipande vya kromosomu za chainizi na kabichi vilikuwa vimebadilishana nafasi, na mimea ile ya wazazi wamoja haikufanana tena. Anayetaka aina mpya za kuchagulia atafurahi. Anayetaka aina moja thabiti ya kusajili ahesabu miaka.

Je, kinachotikisa ni ndoa au ni urudufu? Jibu zuri limetoka kwenye matope ya pwani ya Uingereza. Karibu na Southampton, nyasi ya Spartina kutoka Amerika ilioana na ya Ulaya katika karne ya 19. Chotara tasa, Spartina townsendii, alipatikana kwanza. Baadaye akarudufiwa akawa Spartina anglica, nyasi iliyoteka fukwe nyingi. Wazazi, chotara na aliyerudufiwa wote wangali hai, kwa hiyo wanaweza kupimwa. Mabadiliko mengi ya methili yalikuwa tayari kwa chotara kabla ya urudufu. Ndoa ndiyo iliyotikisa.

Mbegu inapokataa

Jambo dogo linalowasumbua wanaochagua njia ya kwanza: tetraploidi yako haitaoana kirahisi na diploidi za jirani. Endospemu, akiba ya chakula ndani ya mbegu, inataka sehemu mbili za mama kwa moja ya baba, kwa kuwa jeni zake nyingine husomwa kwa nakala ya mzazi mmoja tu. Uwiano ukivurugika, mbegu husinyaa. Kwa mzalishaji wa punje ni hasara. Kwa mwenye tikiti ni biashara: Hitoshi Kihara na wenzake Japani walimfanya tetraploidi kuwa mama, diploidi baba, wakapata tikiti triploidi, la seti tatu, lenye kromosomu 33 na lisilo na mbegu ngumu. Mbegu za kuotesha hizo triploidi huchagua joto, na shambani lazima upande diploidi pembeni kwa ajili ya chavua.

Basi, kwa zao lako

Ndizi: rudufu mmoja. Hakuna anayetaka mbegu, miche hutoka kwenye machipukizi, na diploidi nzuri iliyorudufiwa ni mzazi wa kupata triploidi ukiioanisha na diploidi nyingine. Kwa Mchare, ambayo ni diploidi, hii ndiyo njia iliyo wazi zaidi.

Majani ya mifugo, mauaridi, mimea ya dawa: rudufu mmoja pia. Nyasi za rai na klova nyekundu za seti nne zimelimwa Ulaya kwa miongo mingi. Ila pima uzito baada ya kukausha, kwa sababu seli kubwa hubeba maji mengi, na mara nyingine unachovuna ni maji.

Mboga za ukoo wa kabichi: hapa nayumba. Jani ndilo linaloliwa, lakini mkulima anataka mbegu yake. Ningeoanisha, kwa kuwa njia imekwisha kupitwa na loshuu yenyewe na kuna wazazi wengi ambao hawajajaribiwa.

Nafaka: oanisha. CIMMYT, kituo cha utafiti wa mahindi na ngano huko Mexico, kimefanya hivyo kwa ngano kwa miongo, kikiunganisha ngano ya makaroni na nyasi-mbuzi ya porini, Aegilops tauschii, ili kurudisha sifa zilizopotea. Rai ya seti nne imejaribiwa pia, punje ni kubwa, rutuba ni pungufu.

Na kwa mwanafunzi ambaye anachotaka ni kuelewa, si kuuza: ukitaka kujua urudufu hufanya nini, tumia njia ya kwanza, maana ya pili inachanganya maswali mawili. Panda pia miche iliyoguswa na dawa lakini ikabaki diploidi. Hiyo ndiyo itakuambia ni kipi kililetwa na kolkisini yenyewe. Ukienda njia ya pili, chukua majani ya wazazi wote wawili na ya chotara kabla hujamgusa kwa dawa, uyagandishe kwenye friji ya nyuzi 80 chini ya sifuri siku hiyohiyo. Chotara tasa hana mbegu. Akikauka kwenye chungu chake, hakuna namna ya kumpata tena yuleyule.